Nusukaputi

Mama akiambiwa mwanawe "amepigwa nusukaputi", moyo humruka. Nusu tuliichukua kwa Waarabu, kaputi kwa Wajerumani: kaputt, kilichoharibika. Wajerumani hao walitafuta dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria, Vita vya Kwanza vya Dunia vikawang'oa, wakatuachia maneno kama shule na kaputi ya nusukaputi. Neno zima, basi, ni nusu mfu.

Siku hizi hospitalini, iwe Shinyanga, Geita au kule Bugando, Mwanza, kunakopelekwa wagonjwa mahututi wa Kanda ya Ziwa, utasikia zaidi "dawa ya usingizi". Neno laini, ila linadanganya kidogo. Aliyelala ukimwita huamka; aliyepewa dawa hii huenda asiitike. Mtoto aliye kwenye mashine ya kupumulia hupimiwa dawa kwa kilo zake, kisha hulindwa: ikipungua atahangaika, pengine aung'oe mrija wa hewa, ikizidi, presha hushuka, na kumtoa kwenye mashine huchelewa.

Naye hawezi kusema. Kwa hiyo muuguzi humsoma. Uso umekunjamana? Misuli imekaza? Anashindana na mashine? Kipimo kiitwacho COMFORT, kilichotolewa mwaka 1992, humtaka amtazame mtoto dakika 2 nzima ndipo atoe alama. Dakika 2 wodini si mchezo. Jaribu kumtazama mtu hivyo bila kugusa simu.

Mimi nalitetea neno la zamani, pamoja na ukali wake. Usingizi hauna kipimo ndani yake. Nusukaputi inacho: nusu, na muuguzi amesimama kando ya kitanda kuhakikisha haiwi robo wala nzima.