Kushingula: nguo ya nyumba ya udongo

Tukisikia neno « stuko », wengi wetu tunafikiri majumba ya Ulaya: chokaa na unga wa marumaru, maua yaliyotokeza ukutani. Lakini kupamba ukuta si ujuzi wa Wazungu peke yao. Kule Makwacha, mugini karibu na Lubumbashi, wamama wana kazi yao inayoitwa kushingula, kwa Kibemba ni kupaka.

Mvua ikikatika, wanachimba udongo wa rangi mbalimbali, wanauponda, wanautia maji, halafu wanapaka ukuta kwa mikono mitupu. Juu yake vidole vinachora maua, nyama, vyombo vya nyumbani, mistari. Kila mama na mkono wake.

Mtu atauliza: mbona ile ya Ulaya inadumu miaka mia na zaidi, na hii yetu inaisha na mvua? Chokaa, ikishapakwa, inavuta gesi ya kaboni hewani na kugeuka tena jiwe. Udongo haugeuki; ukipata maji, unalainika. Ndiyo maana kazi inarudiwa kila mwaka, na binti anaipata kwa kumfuata mama yake.

Siku hizi, mahali pengi, watu wanaona haya ya udongo, wanapaka simenti juu ya matofali mabichi. Kwetu sisi ni kutupa feza bure: simenti ni ngumu, inafungia maji ndani ya ukuta, na kisha misimu michache inabanduka vipande-vipande. Hapo mama hawezi tena kutengeneza kwa kidole. Inamuomba mufuko mwingine wa simenti.