Neno la leo: Jumuishi

"Jumuishi" hutokana na kitenzi jumuisha, kama "shirikishi" na shirikisha. Mtu hujumuika mwenyewe. Lakini ili ajumuishwe, lazima awepo wa kumjumuisha. Wajibu umo ndani ya neno.

Chukua mfano wa elimu nchini Kenya. Mjini Kisumu, shule maalumu ya Joyland, chini ya Jeshi la Wokovu, hufunza watoto wenye ulemavu wa viungo. Kusini mwa Ghuba ya Winam, huko Oriang, Homa Bay, mradi wa shirika la Leonard Cheshire ulifuata njia nyingine: watoto wenye ulemavu wasome na wenzao katika shule za msingi za kawaida. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinawapa haki ya elimu isiyowatenga na jamii, na sera ya serikali ya 2018 inasisitiza ujumuishi.

Hata hivyo, mwanafunzi kiziwi anayefundishwa na mwalimu asiyejua Lugha ya Ishara ya Kenya amewekwa darasani tu, hajajumuishwa. Vivyo hivyo mwenye kiti cha magurudumu asiyeweza kufika chooni. Shule iitwe jumuishi baada ya kuwatendea hao haki.