Fokker 27, pangaboi iliyopendwa na marubani

Msikilizaji wa Nkwenda, ukipanda ndege Bukoba utakuta ni pangaboi: ATR au Dash 8. Kabla ya hizo Tanzania ilikuwa na Fokker 27, ndege ya Uholanzi iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955. East African Airways ilizitumia. Ilipovunjika mwaka 1977, Air Tanzania iliyoanzishwa mwaka huohuo ikaendelea nazo.

Marubani waliipendea nini? Usukani wake ulivuta nyaya moja kwa moja, bila msaada wa haidroliki, hivyo rubani alihisi upepo mikononi mwake. Kazi ya misuli, lakini ndiyo urubani wenyewe. Magurudumu yalikunjwa kwa upepo uliobanwa, na breki pia, kama za lori. Mabawa yalikuwa juu, mapanga yakakaa mbali na kokoto za viwanja vya vumbi. Penye joto au mwinuko, injini zake mbili za Rolls-Royce Dart zilipuliziwa maji yenye methanoli ziongeze nguvu ya kupaa.

Ila Dart zilikunywa mafuta kuliko injini za ATR. Fokker ikafilisika mwaka 1996.