Kalafati Haingoji Jahazi Livuje

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumefundishwa hivyo tangu tukiwa wadogo, lakini mimi nina ugomvi kidogo na methali hii. Ufa wa ukutani unauona. Je, ule usiouona?

Mafundi wa majahazi wa Mombasa walilijua swali hili zamani. Pale Bandari ya Kale jahazi huonekana zima likielea, kumbe tumbo lake limo majini na wadudu wa baharini wanatoboa mbao polepole. Kwa hivyo nahodha mwenye akili hakungoja maji yajae ngamani. Alingoja bamvua. Maji yakijaa sana, chombo kinapandishwa ufuoni. Yakipwa, tumbo liko wazi. Mafundi wanakwangua, wanapiga kalafati, yaani wanashindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao na mbao, kisha wanapaka deheni ya chokaa na shahamu. Kazi inafuata mwezi na maji, haifuati uvujaji.

Mwaka 1963, ng'ambo ya Makupa, Changamwe ikapata kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi. Salfa iliyomo ndani ya mafuta hayo hula chuma kwa ndani, huku nje bomba linang'aa rangi mpya. Vali ya usalama, ile inayofunguka presha ikizidi, inaweza kukaa miaka bila kufunguka hata mara moja. Utajuaje kama ingali nzima? Lazima uing'oe uijaribu. Ndiyo maana mitambo ya aina hii husimamishwa kwa wiki kadhaa, ikafunguliwa, na unene wa chuma ukapimwa kwa mawimbi ya sauti, hata kama kila kitu kiko fiti. Kwa mhasibu hiyo ni hasara tu, na hapo ndipo ukaguzi huanza kuahirishwa.

Mwaka 1978 bomba la mafuta likaanza kazi kutoka Mombasa hadi Nairobi. Huko Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye mfumo wa bomba, ikaingia mtaroni na kufika kijiji cha Sinai, Mukuru. Watu wakakimbilia na ndoo na madumu. Moto ulipowaka, zaidi ya watu 100 walikufa. Maelezo ya Kenya Pipeline yalikuwa kwamba gasketi ya vali ilishindwa na presha. Gasketi ni kile kipande kinachobanwa kati ya vyuma viwili ili pasivuje. Kazi yake ni ileile ya pamba ya kalafati.

Tukiizungumzia Sinai, wengi wetu huishia kuwalaumu maskini waliochota mafuta. Mimi nadhani swali la kwanza ni la gasketi: nani aliiangalia mara ya mwisho, na lini?

Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, lakini matangi hayakuondoka. Hapa kisiwani, Shimanzi ina matangi yake, na watu wanaishi na kufanya kazi karibu nayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka boila na vyombo vya presha vikaguliwe kwa vipindi na mtu aliyeidhinishwa. Ukaguzi huo huacha cheti, na cheti kina tarehe. Ukipata kazi kiwandani, bandarini au hata hoteli yenye boila, uliza tarehe hiyo kabla hujauliza mshahara.