Saa ya Ndizi: Siku Moja ya Fungate kutoka Kabazana hadi Biharwe

Fungate ni jina la kale la saba katika Kiswahili, na siku saba za maharusi zikalirithi. Hesabu hiyo inafaa kushikwa mapema, kwa sababu ndiyo itakayopanga safari inayoelezwa hapa: siku moja ya matembezi ya polepole ambapo bwana na bibi harusi huzuru mahali vinywaji vinapotengenezwa, wakaonja, wakala, wakarudi bila haraka.

Katika nchi za mizabibu, matembezi ya namna hii huwa ya viwanda vya mvinyo. Afrika Mashariki nayo inayo mizabibu, hasa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Lakini Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, ni nchi ya migomba na ng'ombe. Kinywaji chake cha heshima hutoka kwenye ndizi, na cha pili hutoka kwenye kiwele. Anayeanzia Kabazana, penye kituo cha kupokelea wakimbizi katika makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, ana bahati ya kuwa katikati ya migomba kabla hata hajawasha gari. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo wanaishi humo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na wengi wao walizikuta Isingiro ndizi walizokwisha kuzijua.

Pombe ya ndizi, kwa kweli, ni ukoo mmoja wenye majina mengi. Ankole wanaiita tonto. Rwanda ni urwagwa, Burundi urwarwa, Kivu kasiksi, Kagera lubisi. Waganda wana jina lingine linalosema kazi yenyewe, mwenge bigere, yaani pombe ya nyayo. Kwa hiyo maharusi waliotoka Bukavu au Bujumbura hawaendi kuona kitu kigeni. Wanaenda kuona namna jirani anavyofanya kitu cha nyumbani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ladha kubwa ya safari hii, hasa pale mmoja anapomwonyesha mwenzake jinsi bibi yake alivyokuwa akikamua.

Kinachoharibu siku kama hii ni kuipanga kwa saa ya mkononi. Ndizi ina saa yake. Mikungu ya pombe, ambayo Wanyankore huiita embiire, ni chungu na yenye ukakasi ikiwa mbichi. Hakuna anayeipika kama matoke akafurahi. Hukatwa ikiwa imekomaa, ikawekwa shimoni lililopashwa moto na kutandikwa majani ya mgomba, ikafukiwa. Humo hukaa siku kadhaa, nne au tano, zaidi kidogo kukiwa na baridi. Ikiiva humenywa na kutiwa kwenye obwato, chombo cha mti kilichochongwa mfano wa mtumbwi, kisha hukanyagwa kwa miguu iliyooshwa au kukandwa kwa mikono pamoja na nyasi. Nyasi hizo ndizo siri ya kazi. Zinashika nyama ya ndizi, maji yanatoka peke yake, safi, matamu, hayana kileo: hayo ni eshande, ambayo Wanyarwanda huiita umutobe. Eshande ikichanganywa na maji na unga wa mtama uliokaangwa, ikafunikwa majani hadi kesho yake, chachu inafanya kazi na tonto inazaliwa.

Sasa irudie fungate. Siku ya kwanza, mtu wa kuaminika anampigia mkamuaji simu na kumwomba afukie mikungu. Siku ya tano au ya sita maharusi wanafika asubuhi, wakati wa kukamua. Heri zaidi mkamuaji akiwa na shimo lingine lililotangulia kwa siku moja, kwani hapo wageni wataonja eshande ya leo na tonto ya jana ubavu kwa ubavu, na ulimi wenyewe utawaeleza uchachu ni nini. Wanaotokea tu bila taarifa huonyeshwa mtumbwi mkavu.

Wapo maharusi wasiogusa kileo: Waislamu, walokole, au bibi harusi ambaye hapendi tu. Hawakosi kitu. Eshande ni yao, tena huisha kwanza. Na wanaokunywa wajue tonto ya nyumbani haina kipimo kimoja, kwa hiyo kibuyu kidogo kinatosha. Waragi wa magendo sishauri kabisa. Sheria ya Uganda ya miaka ya 1960 ilitaka leseni kwa unereshaji wa enguli, yaani pombe kali hiyo ya kienyeji, na mwaka 2010 waragi uliotiwa methanoli uliua watu wengi Kabale na kwingineko. Dereva, naye, anywe eshande au soda.

Shambani kuna adabu moja ya lazima. Mnyauko wa bakteria wa migomba, ulioripotiwa Uganda mwaka 2001, huenezwa na wadudu wanaotua kwenye ua la mgomba na pia na panga lililotoka kukata mgomba mgonjwa. Ndiyo sababu wakulima huvunja ua hilo kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata. Mgeni asichukue panga ili apigwe picha akikata mkungu. Shamba hilo ni mshahara wa mtu.

Kuhusu njia, Nakivale hadi mji wa Mbarara, ambao safari hii inaupitia, ni safari ya kilomita zipatazo sitini, vumbi kwanza, kisha lami ya barabara ya Kikagati. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba hugeuza vumbi kuwa tope, na boda boda mbili hazifai kwa waliovaa nguo za kupendeza. Gari la kukodi lina thamani yake siku hiyo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatambua uhuru wa kutembea nchini kwa masharti ya kiutawala. Kwa hiyo mkimbizi abebe kitambulisho na aulize mapema, katika ofisi ya makazi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kama barua ya ruhusa inahitajika. Jambo hilo likiachwa hadi asubuhi ya safari, utulivu umekwisha.

Baada ya mkamuaji, kituo cha pili kinatosha, na hakuna haja ya cha tatu. Mimi ningekwenda Biharwe, kilomita kama kumi na mbili kutoka Mbarara kwenye barabara ya Masaka, kwenye Kituo cha Utamaduni cha Igongo. Makumbusho yake yanaonyesha vyanzi, vile vyombo vya mti vya maziwa vyenye vifuniko vya kusukwa, ambavyo Wahima, wafugaji wa Ankole, huvifukiza kwa moshi wa nyasi ili maziwa yapate harufu nzuri. Chakula cha mchana ni pale pale. Iagizwe eshabwe: samli isiyochemshwa inayopigwa kwa maji na chumvi hadi iwe nyeupe na laini, ikaliwa na ugali wa ulezi au matoke. Chakula hiki hakikosekani kwenye kuhingira, sherehe ya Wanyankore ya kumtoa binti, na maharusi wanaokula hapo wanakula cha harusi hata kama yao ilifungwa chini ya turubai Kabazana. Jirani kuna mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua mwaka 1520, tukio ambalo masimulizi ya Ankole yanasema liliwashtua wavamizi kutoka Bunyoro wakaacha ng'ombe waliowateka.

Anayetaka maziwa ayanywe asubuhi, kabla ya mengine yote, kwenye moja ya deri za Mbarara zinazouza maziwa ya moto na bongo, yaani maziwa ya mgando. Wahima wa zamani hawakuchanganya maziwa na kunde tumboni siku moja, na hata asiyefuata mwiko huo ataona kuwa maziwa juu ya tonto hayakai vizuri.

Saa kumi ni wakati wa kurudi, ili vumbi la Isingiro lipitwe bado kukiwa na mwanga. Kidumu cha eshande cha kupelekea wazazi kiwekwe wima, na kifuniko kilegezwe kidogo, kwani humo ndani uchachu utakuwa umeanza kabla gari halijafika Kabazana.