Vinundu vya Okayama na barabara za Gitega

Ndugu zetu, leo tuongee kuhusu kitu ambacho ukikiona unaweza kudhani ni pambo tu: vile vigae vya njano vyenye vinundu, vinavyowekwa chini kwenye vituo vya treni na pembeni mwa barabara kubwa. Sisi tuliokulia Gitega na Muyinga hatukuvijua nyumbani. Wengine wetu walivikanyaga kwa mara ya kwanza ughaibuni, wakapita zao bila kuuliza. Kumbe ni njia ya wasioona, na ina historia yake.

Ilianzia Japani, katika mji wa Okayama. Mtu mmoja, Seiichi Miyake, alikuwa mwenye nyumba ya wageni. Siku moja alimwona mtu mwenye fimbo nyeupe akinusurika kugongwa na gari akivuka barabara. Rafiki yake Hideyuki Iwahashi, ambaye alikuwa amepoteza macho, alimwambia kwamba hata akiwa na viatu anajua pale kuvumwani inapoishia na udongo unapoanza. Hilo kwetu si geni. Impumyi wa kwetu anajua kwa unyayo kwamba lami imeisha na udongo mwekundu umeanza, wala hakuna aliyemfundisha shuleni. Lakini Miyake alilichukua neno hilo akalifanyia kazi. Mwaka 1965, kwa pesa yake mwenyewe, alitengeneza kipande cha zege chenye vinundu juu. Tarehe 18 Machi 1967 vipande 230 viliwekwa kwenye makutano ya barabara karibu na shule ya wasioona ya Okayama.

Namna vinavyofanya kazi ni rahisi. Vinundu vya duara vinasema simama, mbele kuna barabara, ngazi au ukingo. Mistari mirefu inasema endelea upande huu. Rangi ya njano ni ya wale wenye uoni kidogo, maana wasioona si wote walio gizani kabisa.

Msidhani serikali ilikimbilia kuviweka kila mahali. Mwaka 1973 mtu asiyeona alianguka kutoka jukwaa la stesheni ya Takadanobaba, Tokyo, akagongwa na treni akafa. Jukwaa lile halikuwa na vinundu. Wazazi wake walilipeleka shirika la reli mahakamani. Halafu kukawa na tatizo jingine: kila mji ulichonga vinundu vyake, huku vikubwa, kule vidogo, na mtu akitoka kwao anapotea. Japani iliweka kipimo kimoja mwaka 2001, na kipimo cha kimataifa, ISO 23599, kilitoka mwaka 2012.

Sasa turudi kwetu. Burundi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014. Kifungu cha 9 kinataja barabara waziwazi. Januari 2018 ikatoka sheria ya nchi ya kulinda haki hizo. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2019, Gitega ikafanywa makao makuu ya siasa. Angalieni mpangilio huo: sheria ilitangulia, mji mkuu ukafuata. Kwa hiyo kila ofisi na kila barabara ya makao makuu mapya inajengwa sheria ikiwa tayari ipo. Kigae kikiwekwa wakati fundi anamwaga zege, gharama yake ni ndogo. Ukingoja hadi lami ikauke, utalipa mara mbili: kuvunja na kujenga tena.

Wapo watakaosema hivyo ni vitu vya wazungu, sisi hatuna uwezo. Hapo tunawapeleka Muyinga. Mwaka 2012 palijengwa maktaba pale, sehemu ya kwanza ya shule ya watoto viziwi. Matofali yake ni ya udongo wa palepale, ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono, na wenyeji wenyewe walifanya kazi. Hatusemi udongo utafaa barabarani. Mvua za Aprili zingelamba vinundu vyote, hapo lazima zege. Tunachosema ni kwamba mikono ya kufinyanga tofali la kumfaa mtoto kiziwi ilipatikana Muyinga. Kalibu ya vinundu ni kazi ya fundi yuleyule.

Na jambo moja kabla ya vigae: mitaro. Mtaro wa maji ya mvua usio na kifuniko ndio unaomvunja mguu mtu asiyeona, na kigae kinachompeleka mtaroni ni mtego. Funika kwanza, ndipo uweke vinundu.

Wewe unayesoma ukiwa Gitega, pita leo kutoka sokoni hadi kituo cha basi. Hesabu mitaro iliyo wazi, tuandikie hapa chini. Wa Muyinga, nanyi vilevile.