Shimo Jeusi

Istilahi hii ina maneno mawili, na la kwanza linapotosha. Ukisikia "shimo" unawaza uwazi, mahali pasipo na kitu. Kumbe shimo jeusi ni kitu kizito kupindukia kilichobanwa padogo mno, hata nuru haiwezi kuchomoka kwenye mvutano wake. Dunia yetu nzima, na bahari na milima yake, ingebanwa ikalingana na gololi, ingekuwa shimo jeusi.

Mpaka ambao ukishauvuka huwezi kurudi unaitwa upeo wa matukio. Neno zuri hilo: si ukuta wala ngozi, ni pale habari zinapokoma.

Wala shimo jeusi halifyonzi kila kitu kama filamu zinavyotuaminisha. Jua letu lingegeuka leo kuwa shimo jeusi la uzito uleule, Dunia ingeendelea kulizunguka kama kawaida, ila gizani na kwenye baridi kali.

Basi kisichotoa nuru kinaonekanaje? Hapo pwani ya Kenya inaingia. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru. Kazi yake ilikuwa kusaka eksirei zitokazo angani, ambazo angahewa huzizuia zisitufikie huku chini.

Chanzo kimojawapo kilikuwa Cygnus X-1, katika kundinyota la Dajaja. Uhuru ilikuta eksirei zake zikipanda na kushuka katika muda usiofika sekunde moja, na siri ilikuwa hapo. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa muda mfupi kuliko ule ambao nuru inahitaji kukivuka. Kinachometameta haraka namna hiyo lazima kiwe kidogo, kidogo kuliko nyota ya kawaida kwa mbali sana. Wanaastronomia wakaelekeza darubini huko, wakakuta nyota kubwa ya buluu ikizungukana, kila baada ya siku 5.6, na mwenzi asiyeonekana. Vipimo vya karibuni vinampa mwenzi huyo uzito wa Jua mara 21 hivi. Gesi anayoinyang'anya nyota ile humzunguka kwa kasi, ikasuguana na kupata joto la mamilioni ya nyuzi. Eksirei hutoka humo, kabla gesi haijavuka upeo. Mwanafizikia Stephen Hawking aliweka dau na mwenzake Kip Thorne kwamba mwenzi huyo wa nyota si shimo jeusi. Mwaka 1990 alikubali ameshindwa.

Ya ndani ndiyo magumu. Hesabu za mvutano za Einstein za 1915 zikifuatwa hadi mwisho, zinadai maada yote hubanwa ikafikia ukubwa wa sifuri. Wanafizikia wengi wanaliona jibu hilo kama dalili kwamba nadharia imegota. Hawking naye, mwaka 1974, alikokotoa kuwa mashimo meusi hutoa mnururisho hafifu, yakapungua taratibu hadi kutoweka. Yakitoweka, habari za vyote vilivyoingia zimekwenda wapi, ilhali fizikia ya chembe ndogo inashikilia kwamba habari hazipotei? Mnururisho huo haujawahi kupimwa angani. Shimo lenye uzito wa Jua lingekuwa baridi kuliko anga linalolizunguka, kwa hiyo kwa sasa lingepokea joto jingi kuliko linalotoa.